Boneti Ikishafunguliwa

Kuna mambo mawili ambayo mtaani kwetu Goba huwezi kuyafanya peke yako: kuzika na kufungua boneti. La kwanza nalielewa, na siku yangu ikifika nitashukuru. La pili ndilo linaloninyima raha.

Fungua boneti tu, hata kama ni kuongeza maji ya wipa. Hujamaliza kusimika kile kichuma chake, tayari kuna mwanamume ubavuni kwako, mikono nyuma, anachungulia. Kwanza hasemi kitu. Anatikisa kichwa. Kisha: "Ina nini?" Unamwambia haina kitu. Anaguna ile "mmh" ya mtu aliyekwishadanganywa sana duniani, na haondoki. Anakuja wa pili kuangalia anachoangalia wa kwanza. Wa tatu anakuja na mswaki mdomoni. Hao wote, tulipoitwa kuzibua mtaro kabla ya masika, walikuwa na udhuru: huyu mgongo, huyu msiba Tanga, huyu simu haikuwa hewani.

Sasa pata picha ya mtu anayefungua boneti Jumamosi asubuhi na kuiacha wazi mpaka jua la utosi, nje ya geti lake, akiwa na ndoo, brashi ya rangi, kopo la kumwagilia mchicha na rundo la mifuko ya mikate. Hapo hupati watazamaji, unapata mkutano wa hadhara. Mtu huyo ni mimi, na nilikuwa naosha injini.

"Kwa nini usiwapelekee vijana wakakuoshea, Baba Salma?" Swali la Baba Neema hilo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye gari lake la mwisho aliliuza Neema akiwa chekechea na sasa Neema yuko chuo. Lakini ushauri wa magari hajaacha kuutoa.

Siwapelekei kwa sababu nimewaona. Gari limetoka kwenye foleni, injini bado inachemka, kijana anakuuliza, "Na injini, bosi?" Ukiitikia tu, boneti iko juu. Anakuja mmoja na mchanganyiko wa mafuta ya taa na dizeli, anaupuliza kwa kompresa kila pembe mpaka ukungu unatanda na wewe mwenyewe unaanza kunuka koroboi. Inayofuata hapo ni mashine ya presha. Upepo wa tairi langu ni 32. Mashine ile, kwa kipimo hichohicho, inasukuma maji kwa 1,500 na kupanda. Maji ya nguvu hiyo hayaombi njia. Yanapenya kwenye soketi za waya, yanaingia kwenye alternata, yanatuama ndani ya boksi la fyuzi, na mengine yanateremka kwenye mashimo ya plagi kwenda kustarehe.

Kisha wanakupakia dizeli nyingine juu ili injini ing'ae. Inang'aa kweli. Unarudi nayo Goba, na kwa wasioijua Goba, vumbi letu halihitaji mwaliko. Linakuta injini imepakwa mafuta, linanasa lote. Umelipia kuosha na umerudi na gundi.

Na hapo ni kama gari limekubali kuwaka. Likikataa, au likiwaka huku linatetemeka, kijana anakwambia, "Linamisi kidogo tu bosi, likipata moto litaacha." Linaacha wapi? IST yangu ina plagi nne, na kila plagi ina koili yake, imezama kwenye shimo refu juu ya injini. Koili hiyo inapokea volti 12 za betri na kuzipandisha mpaka maelfu kwa maelfu ili cheche iruke kwenye plagi. Shimo likiwa na maji, umeme haujisumbui kwenda mpaka kwenye plagi. Unakata njia kupitia kwenye majimaji na kuishia kwenye chuma. Silinda haichomi. Petroli yake inatoka mbichi na kwenda kuunguza masega ya ekzosi, kitu ambacho bei yake nisingependa uiulize ukiwa umesimama. Hayo yote yanaitwa "kidogo tu bosi".

Wala sababu yangu ya kuosha si urembo. Kwa muda mrefu gari limekuwa likinuka oili inayoungua nikisimama kwenye taa, na kijiti cha kupimia kilikuwa kinashuka taratibu. Nikampelekea fundi. Akamulika, akachungulia, akajifuta mikono, akanipa jibu ambalo sijapata kulisikia katika taaluma yoyote nyingine: "Hilo ni jasho la injini, mzee. Gari likizeeka linatoka jasho."

Jasho! Mimi pia nimezeeka, lakini daktari akiona ninavuja mahali hanipi pole akaniruhusu. Tatizo ni kwamba huwezi kumbishia, kwa kuwa injini yote ilikuwa imevaa koti moja. Oili inaweza kuvuja kwenye sehemu ndogo tu, lakini upepo wa safari unaitawanya, vumbi linaishika, na baada ya misimu kadhaa hujui chanzo kiko wapi na kilipofika ni wapi. Fundi asiyejua panapovuja ana tiba moja: anabadilisha sili zote, kwa hela yako, akianzia na ile iliyo mbali kuliko zote. Kwa hiyo kuosha ni uchunguzi. Unasafisha, unawasha, unakaa na tochi kusubiri mwizi ajitokeze.

Hilo nilimweleza Baba Neema kwa utulivu kabisa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo unauza?"

Nikajifanya sijasikia. Injini ilikuwa imelala usiku mzima imepoa; sigusi injini ya moto, maana maji ya baridi kwenye chuma chenye moto mkali yanaweza kukipasua, na mvuke wake utakuunguza wewe kabla hujajua umefanya nini. Kwenye magari mengine hata feni ya rejeta huweza kuanza kuzunguka ghafla wakati ufunguo uko mfukoni mwako. Nikavua saa. Nikavua pete. Nikachukua spana namba kumi na kufungua betri, nikianza na hasi.

"Anza na chanya," sauti ikatoka nyuma.

Hii ndiyo hatari ya kushauriwa na watu wasiolipia hasara. Bodi zima la gari limeungwa na hasi. Ukianza na chanya, halafu ncha ya pili ya spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri unapita kwenye spana yako. Spana inawaka, na betri ikiwa na gesi yake karibu huenda nayo ikapasuka. Ukishatoa hasi, chanya haina pa kukimbilia. Wakati wa kurudisha unageuza: hasi ndiyo ya mwisho. Nilipokuwa naeleza hayo, mwenye mswaki alikuwa amekwishaondoka na habari moja tu aliyoona inafaa kusambazwa. Mke wangu akatoka ndani akifuta mikono kwenye kanga. "Eti umevua pete mbele ya watu?"

Yakaisha. Nikatumia nafasi hiyohiyo kumwomba bekingi soda, kwa kuwa vichwa vya betri vilikuwa vimeota ule unga mweupe wenye ukijani, na ule ni masalia ya tindikali. Ukiyeyusha kijiko cha bekingi soda kwenye maji ya uvuguvugu na kumimina taratibu, unga unafoka mapovu, unachacharika, kisha unatulia na chuma kinaonekana. Muhimu ni maji hayo yasiingie ndani ya betri yenyewe. Ni kazi ya kupendeza kuitazama, hata wale wanaume walikaa kimya kwa mara ya kwanza. Aliyeongea ni Mama Salma. "Na keki ya watoto utaiumulia betri?"

Sasa tufike kwenye mifuko. Kuosha injini nyumbani, kwa sehemu kubwa, ni kufunika. Alternata ifunikwe. Boksi la fyuzi lifunikwe, hata kama lina mfuniko wake. Mdomo wa kuvutia hewa kwenye eakilina uzibwe kabisa, kwa sababu maji yakiingia humo yakafika kwenye silinda, pistoni haiwezi kuyakandamiza inavyokandamiza hewa. Kinachopinda ni konektingi rodi. Koili nazo zifunikwe. Vyote hivyo vinataka plastiki, na Tanzania mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Wakenya walitutangulia Agosti 2017. Siipingi marufuku, mitaro yetu tunaijua ilivyokuwa. Lakini sisi waosha injini nani alitukumbuka? Ule mfuko mbadala tuliopewa umwagie maji uone: yanapita yote, yanatokea upande wa pili yakiwa yamechujwa. Ndiyo maana kwangu mfuko wa mkate hautupwi. Unakung'utwa makombo, unakunjwa, unakwenda kwenye droo, na kila mwezi Mama Salma anauliza kama ninafungua kiwanda.

Nikafunga kila mfuko kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kuandika kwenye kiganja jumla ya mifuko niliyofunga, kwa sababu ule wa mdomo wa hewa ukiusahau, injini itauvuta ndani siku unayoiwasha. Baba Neema akazunguka, akatazama hiyo mifuko ya mikate iliyojazana chini ya boneti.

"Sasa umeshaifunika yote," akasema, "unaosha nini?"

Watu wakacheka. Niliwaacha wacheke. Nikaanza na kavu: majani kwanza. Mwarobaini ulio getini kwangu unaangusha majani yake yote kwenye kile kibaraza kilicho chini ya wipa, na ukiyaacha yanaziba matundu ya kupitishia maji, halafu siku ya mvua unashangaa kapeti la miguuni linaloa. Nikatoa kiganja kwa kiganja. Chini yake kulikuwa na makazi ya panya, yamejengwa kwa sponji ya boneti, maganda ya karanga na kipande cha kanga ninachokifahamu. Na pembeni ya tegemeo la betri, imelala kwenye tope la grisi, soketi namba kumi.

Naomba nisimame kidogo hapo. Soketi hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya yule fundi wa jasho, ambaye mwaka jana aliapa mbele ya mwanangu kwamba mtoto ameichukua kuchezea, na mimi nikailipa. Nimeiosha, nimeifuta, nimeiweka sebuleni juu ya runinga. Siku akija, ataikuta hapo inamtazama.

Baada ya kavu inakuja dawa ya kukata grisi. Hapo kila mtu akawa mkemia. Mmoja akasema petroli inang'arisha kuliko vyote. Huyo nilimwomba asogee mbali na nyumba yangu. Mwingine akapendekeza kostiki soda ya kutengenezea sabuni, ambayo kweli inakata grisi, lakini pia inakula aluminiamu, na kichwa cha injini yangu ni aluminiamu. Wengi walisimama na mafuta ya taa. "Baba yangu aliosha lori la mkaa kwa mafuta ya taa maisha yake yote." Sawa. Mafuta ya taa hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 38 hivi. Dar ya Februari inafika 33 kivulini, na chini ya boneti hakuna kivuli. Ekzosi ya gari lililotoka safarini ina nyuzi mia kadhaa. Yakikosa kuwaka, basi yanatafuna mipira: mkanda unavimba, hozi zinalegea, sili zinalainika. Yaani unaosha uvujaji mmoja na kupanda mingine.

Nikatumia dawa ya dukani inayoyeyuka kwenye maji, glovu mkononi na miwani machoni, kwa brashi ya rangi sehemu pana na mswaki mkuukuu kwenye kona. Dawa unaipuliza kuanzia chini kwenda juu, na huiachi ikauke. Lile koti la uchafu halikutoka kirahisi. Nyuma ya injini, karibu na ukuta wa moto, ilibidi nikwangue kwa kipande cha mbao. Likatoka bamba zima unene wa chapati, juu jekundu, chini jeusi. Nikalivunja kati. Ndani lilikuwa na matabaka: vumbi, oili, vumbi, oili, kiangazi hiki juu ya kile. Ningeliweka mezani pa fundi ningemwonyesha miaka ya jasho.

Kusuuza nilitumia lile kopo la mchicha. Maji yenyewe siku hiyo yalikuwa ya boza, kwa hiyo hata ningetaka ufujaji nisingeweza, lakini hata yakiwa ya bomba natumia kopo. Yanamwagika taratibu, unayapeleka unapotaka, yanashuka na uchafu. Uchungu waliokuwa nao watu waliosimama pale kwa kuona maji machache namna ile, ungedhani ninamnyima mgonjwa.

"Baba Salma, unaosha au unanyweshea?"

Chini ya gari nilikuwa nimemwaga maranda ya seremala ili yanywe mafuta. Jirani wa chini ana kisima, na maji ya Goba yote yanateremka kwake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka vyanzo vya maji zisizoruhusiwa shughuli za kudumu, na bado kuna watu wanaingiza magari mpaka ndani ya mto, milango yote wazi, muziki juu, wanaosha na kunawa uso humohumo. Mimi na maranda yangu ndiyo tunaonekana vichaa. Paka wa jirani nilimfukuza pia. Maji ya rejeta yenye dawa wanyama huyaramba, na ni sumu.

Kukausha ndiko kulikoninyima heshima iliyobaki. Kompresa iko kwa fundi pancha barabarani, lakini kufika kwake inabidi uwashe gari, na gari hutakiwi kuliwasha kabla halijakauka. Nikafuta kwa matambara, kisha nikachukua pampu ya baiskeli ya Salma na kuanza kupuliza kuzunguka koili na kwenye soketi, fuu, fuu, fuu. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wamefika. Mmoja akamuuliza mwenzake kama injini nayo imepata pancha.

Nikatoa mifuko, nikailinganisha na kiganja. Jua likafanya kazi yake. Nikarudisha betri, chanya kwanza, hasi mwisho. Ufunguo. IST ikawaka bila kumisi hata chembe, na nikawageukia. Unadhani kuna aliyesema hongera? Baba Neema alisema, "Subiri ipate moto."

Huku nyuma habari zilikuwa zimetembea. Muuza samaki alisimamisha baiskeli: "Unauza?" Mjumbe alipita: "Kumbe unauza, na hukutuambia?" Mama wa vitumbua akataka kujua tunahamia wapi. Ndivyo tulivyojifunza, kwamba mtu haoshi injini yake ili aendelee kuitumia. Injini inaoshwa kwa ajili ya mteja, siku moja kabla. Anayebaki nalo gari anaendesha uchafu.

Mimi nikakaa na tochi. Injini ikapata moto, na haikuchukua muda. Kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava, pale gasketi yake inapokutana na kichwa cha injini, tone la oili likajitokeza, jipya, la dhahabu, likateremka polepole mpaka likagusa ekzosi. Moshi mdogo. Ile harufu ya kwenye taa. Gasketi ya tapeti kava! Kampira tu ka kununua Kariakoo. Nikampigia fundi na kumweleza. Hakuyumba hata kidogo. "Ndiyo hilo jasho sasa, mzee. Si linatokea hapo?"

Nilikuwa bado na simu sikioni dalali wa mtaa alipofika na bodaboda, nyuma kampakia mteja, mzee mmoja mwenye balaghashia na miwani. Sikuitwa wala sikuulizwa. "Hili hapa, mzee wangu, gari la mtu mmoja, halijawahi kuguswa." Mzee akanisalimu vizuri, akasogea kwenye boneti. Akapitisha kidole juu ya tapeti kava, akakitazama. Kisafi. Akakinusa. Akainama kutazama chini ya betri, akainuka taratibu.

"Injini safi namna hii?" akamwambia dalali, sauti ya chini lakini nikaisikia. "Hapana. Hapa kuna kitu wanaficha."

Akarudi kwenye bodaboda. Dalali akanitazama kwa uchungu, akaniambia nimemharibia biashara, ningeliacha gari na uchafu wake lingeondoka leo leo. Kisha akataka nimpe nauli aliyotumia kumleta mteja.